Bambo, Kijiko na Sahihi: Kazi ya Mchambuzi wa Ubora wa Kahawa Kampala

Kahawa ya Uganda haiendi ng'ambo bila kuonjwa. Shehena iwe ya kontena moja la magunia 320 au ya makontena hamsini, yupo mtu Kampala ambaye sharti aitazame, aipime, aikaange, aifyonze kwa kijiko na kuitema, kisha atie sahihi yake. Sahihi hiyo isipokuwepo, lori halianzi safari ya Mombasa. Katika mwaka wa fedha 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60 na kupata zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani. Fedha zote hizo zilipita kwanza mikononi na midomoni mwa watu wachache waliovaa makoti meupe, ambao kazi yao wananchi wengi hawaijui hata kwa jina.

Hao ni wachambuzi wa ubora. Siku hizi cheo hicho kimeenea Kampala: kipo kwenye kampuni za programu za simu, kwenye vituo vya kupokea simu za wateja, kwenye viwanda vya maziwa, vya dawa na vya vinywaji. Mhadhara huu umechagua kahawa kwa kuwa ni zao linalotegemewa na kaya zipatazo milioni 1.8, na kwa kuwa hapo kazi yote inaonekana kwa jicho, tangu mkono unaochota punje hadi kalamu inayoandika hukumu.

Wengi hudhani mchambuzi ni mlinzi wa lango: hiki kipite, kile kirudi. Ni kweli huzuia, lakini hilo ndilo jambo dogo zaidi analolifanya. Ubora hautengenezwi maabara. Kahawa ikifika maabara ya Lugogo, Kampala, kila kizuri na kila kibaya kimekwisha kutendeka, wiki au miezi nyuma, shambani Mukono, kwenye uwanja wa kuanikia Masaka, ndani ya ghala la dalali Bushenyi. Kazi kubwa ya mchambuzi ni kusoma yaliyotendeka huko kwa kutumia ushahidi alio nao mezani, kisha kumrudia aliyetenda kwa maneno yatakayomfanya atende vingine msimu ujao. Mwenye ulimi mkali asiyeweza kurudi nyuma hivyo ni mwonjaji tu. Kuonja nako ni kazi ya heshima, ila ni nusu ya kazi.

Mambo huanzia kwenye bambo. Chombo hiki chenye ncha na mfereji, ambacho kila mfanyabiashara wa nafaka Afrika Mashariki amekishika, huchomwa kwenye gunia na kutoa punje bila kulifungua. Anayeshika bambo ana madaraka makubwa kuliko anavyodhani. Sampuli ya kuchunguza kasoro ina gramu 350, nayo shehena ya kontena moja ina tani 19.2. Maana yake mchambuzi anahukumu kwa sehemu moja kati ya takriban 55,000. Akichoma magunia ya mbele tu, yale yaliyo karibu na mlango wa ghala, ameipima nia ya muuzaji. Kahawa yenyewe bado hajaigusa. Ndiyo maana mafunzo mazuri ya kazi hii humweka kijana ghalani muda mrefu kabla ya kumpa kijiko. Anafundishwa kuchoma juu, katikati na chini, kupanda juu ya lundo, kuchanganya alichokitoa na kukigawa mara kadhaa hadi kibaki kiasi kinachotakiwa. Ni kazi ya vumbi na jasho, wala hakuna mashine ya kisasa itakayookoa majibu ya sampuli iliyochukuliwa kivivu.

Kisha punje humwagwa kwenye trei jeusi chini ya taa nyeupe. Gramu 350 za robusta ni punje elfu mbili hivi, na zote hupitiwa kwa vidole. Punje nyeusi huwekwa pembeni, zilizochacha pembeni, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizobaki na ganda, vijiti, vijiwe. Azimio namba 420 la Shirika la Kimataifa la Kahawa, la mwaka 2004, liliziomba nchi wanachama zisiuze nje arabika yenye kasoro zaidi ya 86, wala robusta yenye zaidi ya 150, katika gramu 300. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha heshima. Anayetaka robusta yake ihesabiwe miongoni mwa zile bora huruhusiwa kasoro tano tu katika gramu 350. Kati ya 150 na tano ndipo bei inapoamuliwa.

Chekeche nazo zina lugha yake. Wafanyabiashara wa Kampala husema "skrini 18", "skrini 15", "skrini 12", na kila namba ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za 64 za inchi. Punje inayobaki juu ya skrini 18 ina upana wa milimita 7 na ushei. Tundu la skrini 12 halifiki milimita 5. Ukubwa hausemi lolote la hakika kuhusu ladha. Husema kuhusu ukaangaji: punje zilizolingana huiva pamoja, zilizochanganyika huungua nyingine zikiwa bado mbichi ndani.

Unyevu ni habari ya fedha moja kwa moja. Azimio lilelile lilitaka usivuke asilimia 12.5. Chukua gunia la kilo 60 lenye unyevu wa asilimia 16, kiwango ambacho mtu asiye na kipimo anaweza kukiona kikavu kwa kuuma punje. Likikaushwa hadi asilimia 12 litabaki na kilo 57 na kidogo. Katika kontena la magunia 320 tofauti hiyo inakaribia kilo 870, yaani magunia zaidi ya 14 ya maji yaliyonunuliwa kwa bei ya kahawa. Tena maji hayo hayakai bure. Huotesha kuvu njiani, na kontena lililofungwa Kampala hupita joto la pwani na baridi ya bahari za kaskazini kabla ya kufunguliwa Trieste au Antwerp.

Baada ya hapo ndipo huja meza ya vikombe. Kahawa imekaangwa ndani ya saa 24 zilizopita na kupumzishwa angalau saa nane. Kila sampuli ina namba tu. Jina la muuzaji, wilaya na bei vimefichwa. Vikombe ni vitano kwa kila sampuli, na kila kimoja husagiwa kahawa yake peke yake. Unga unanuswa mkavu. Maji yenye joto la nyuzi 93 hivi yanamiminwa, unga unapanda juu na kufanya utando mzito, na chumba kinanyamaza. Zikitimia dakika nne mchambuzi anainama hadi pua yake inakaribia kugusa kikombe, anaupasua utando kwa mgongo wa kijiko na kuvuta harufu katika nukta hiyohiyo, kwa sababu haitarudi. Povu linaondolewa. Joto likishuka hadi nyuzi 70 hivi, anaanza kufyonza kwa kishindo, ili kahawa isambae kinywani kama dawa inyunyizwavyo mimea, na mvuke wake upande puani kwa nyuma. Anatema, anaandika, anarudia ikiwa ya uvuguvugu, anarudia tena ikiwa karibu na joto la mwili. Kahawa nyingi huficha aibu zake zikiwa moto.

Kwa nini vikombe vitano, hali kahawa ni ileile? Kwa sababu punje moja mbovu inatosha kuharibu kikombe kimoja na kuviacha vinne vikiwa safi. Wanaoshughulikia arabika za ukanda wa Maziwa Makuu wanaijua vizuri ladha ya kiazi kibichi, kasoro inayohusishwa na kunguni wa kahawa aitwaye antestia na bakteria wanaoingia pale anapotoboa tunda. Punje yenye kasoro hiyo huweza isionekane kabisa kwa macho. Mchambuzi aliyeonja kikombe kimoja na kuridhika, amepima bahati yake.

Kampala ina sababu ya pekee ya kujivunia meza hiyo. Robusta ni mti wa kwao. Ulikuwapo misituni kandokando ya Ziwa Victoria kabla ya mkoloni, na Waganda walitafuna punje mbili za tunda moja walipokuwa wakila kiapo cha udugu, kama vile Wahaya wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka, wanavyoendelea kuwakirimu wageni kwa kahawa ya kutafuna. Hata hivyo soko la dunia kwa miaka mingi liliichukulia robusta kuwa kijazio cha kahawa ya unga wa papo kwa papo, na kipimo kilichotumika kuionja kilikuwa cha arabika. Kuipima robusta kwa uchachu wa arabika ni kuionea. Kwa hiyo, karibu na mwaka 2010, Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa ya Uganda, UCDA, na taasisi ya Marekani iitwayo Coffee Quality Institute zilishirikiana kuandaa viwango na utaratibu wa kuonja robusta bora. Fomu yake inauliza yanayoihusu: uwiano wa chumvi na uchachu, uwiano wa uchungu na utamu, uzito wake kinywani. Kila sifa ina alama, jumla ni 100, na kuanzia 80 kahawa huitwa robusta bora. Wachambuzi wa Uganda walikuwa mezani wakati kipimo kinaundwa, na hilo si jambo dogo katika biashara ambayo vipimo vyake vingi viliamuliwa London na New York.

Leseni ya kutumia fomu hiyo haikupatikana kwa kipaji. Mtahiniwa alipita mitihani ipatayo ishirini kwa siku chache. Alipewa vikombe vitatu, viwili vya kahawa moja na kimoja cha nyingine, chini ya taa nyekundu inayoficha rangi, atafute kilicho tofauti. Kisha seti nyingine, na nyingine tena. Alinusishwa vichupa 36 vya harufu. Alionjeshwa maji yenye chumvi, sukari na uchachu kwa viwango hafifu vilivyochanganywa, aseme kila kimoja kipo kwa kiasi gani. Wengi walirudia. Hata akifaulu, leseni ilikuwa ya miaka mitatu, na baada ya hapo ilikuwa sharti aketi na wenzake tena kuthibitisha kwamba kipimo chake hakijahama. Uwezo huu hulindwa kila siku: bila manukato, bila sigara, bila pilipili asubuhi ya kuonja. UVIKO-19 ilipofika 2020, waonjaji wa nchi mbalimbali walipoteza uwezo wa kunusa, wengine kwa miezi, na wakalazimika kujifunza harufu moja moja upya.

Ulimi hodari unaweza kuisifu kahawa asubuhi na kuikataa jioni. Sifa inayotafutwa ni uthabiti: sampuli ileile ikirudishwa kwa namba nyingine, kesho au baada ya mwezi, ipate alama zinazokaribiana, na mchambuzi mwingine wa Moshi, wa Nairobi au wa Trieste afike karibu na hapo. Maabara zenye ithibati ya kiwango cha ISO/IEC 17025 hubanwa na sharti hilo hata kwa vipimo vya kemia: hutumiana sampuli na maabara nyingine na kulinganisha majibu. Anayechukia kulinganishwa hafai kwa kazi hii.

Halafu kuna kurudi nyuma. Kikombe kikinuka udongo, mchambuzi hufikiria mara moja kahawa iliyoanikwa ardhini bila turubai, ikanyeshewa, ikarundikwa kabla ya kukauka. Huko pia ndiko okratoksini A hupata nafasi, sumu ya kuvu ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha mikrogramu 5 kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa, kisha ukakishusha hadi 3 kuanzia 2023. Kikombe kikiwa kikali na kinakauka ulimini kama ndizi mbichi, matunda yalichumwa kijani, tawi zima likiparuzwa kwa mkono. Hapo mchambuzi anakutana na fumbo la bei. Mwanzoni mwa 2025 robusta ilipanda London hadi zaidi ya dola 5,500 kwa tani. Mtu angetarajia bei nzuri ilete kahawa nzuri. Shambani bei kubwa huleta wezi wa usiku, na mkulima aliyeona shamba la jirani limekwanguliwa hatangoji matunda yawe mekundu. Anavuna leo, mabivu na mabichi pamoja. Mchambuzi asiyelijua hilo ataandika "mkulima mzembe" na ripoti yake haitabadili chochote. Anayelijua ataandika kwamba tatizo la ubora wa eneo fulani ni ulinzi wa mashamba.

Historia ya sheria inaonyesha jinsi macho hayo yalivyochelewa kufika shambani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bodi ya Uuzaji wa Kahawa, yenye mitambo yake Bugolobi, ndiyo pekee iliyouza kahawa ya Uganda nje. Mwaka 1991 UCDA ikaundwa, soko likafunguliwa, na wanunuzi binafsi wakatawanyika vijijini na fedha taslimu, wengi wakigombania kiboko, yaani kahawa kavu yenye ganda lake, bila kujali ukavu wake. Kanuni za wakati huo ziliishia kwenye yanayofanyika baada ya kahawa kutoka shambani. Ilibidi kungoja hadi Sheria ya Kitaifa ya Kahawa ya 2021 ndipo usimamizi ukaruhusiwa kuanzia kwenye mche. Kwa miaka thelathini mchambuzi wa Lugogo aliona dalili za makosa ambayo sheria ilimwambia hayamhusu.

Mchambuzi akikosekana, au akikosa kuaminiwa, hasara yake Uganda inaijua, tena kwa zao jingine. Kati ya 1997 na 2000 masoko ya Umoja wa Ulaya yalifunga milango mara tatu kwa samaki wa Uganda, sangara wa Ziwa Victoria wakiwa mstari wa mbele: kwanza kwa salmonela, kisha kwa mlipuko wa kipindupindu, na mwaka 1999 kwa habari za watu kuvua kwa dawa za sumu. Shirika la Afya Duniani halikuunga mkono kuzuia chakula kwa sababu ya kipindupindu. Haikusaidia. Viwanda vya minofu vilipunguza kazi, vingine vikafunga, na wavuvi wa mialo ya Masese na Kasenyi wakauza samaki kwa bei ya kutupa. Kiini cha mgogoro kilikuwa kwamba Uganda haikuwa na mfumo wa kuthibitisha usalama wa samaki wake: ukaguzi uligawanyika kati ya ofisi mbalimbali, na uwezo wa ndani wa kupima mabaki ya sumu haukutosheleza. Milango ilifunguliwa 2000, baada ya mamlaka ya ukaguzi kuwekwa chini ya uongozi mmoja, mialo kuboreshwa na vipimo kufanywa kwa utaratibu unaoaminika. Samaki walikuwa walewale.

Machi 2021 mambo yalijirudia kwa njia nyingine pale Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kulegeza ndani ya siku chache kwa sharti la cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu hukaa kwa mafungu: gunia moja linaweza kuwa safi, lililo jirani likawa hatari. Tumerudi kwenye bambo.

Kwa hiyo swali la nani amwajiri mchambuzi si la makaratasi. Tarehe 6 Novemba 2024 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa kuivunja UCDA na kuhamishia kazi zake Wizara ya Kilimo, siku ambayo wabunge walipigana ukumbini. Serikali ilisema inapunguza gharama na majukumu yanayogongana. Wapinzani walisema wanunuzi wa ng'ambo wataipoteza imani iliyojengwa kwa miaka thelathini. Kila upande ulikuwa na hoja. Kwa upande wa meza ya vikombe, jambo la kuangaliwa ni jembamba zaidi: je, mtu anayetia sahihi anaweza kuikataa shehena ya mfanyabiashara mkubwa siku ya Ijumaa, meli ikisubiri Mombasa, na Jumatatu akakuta kiti chake kipo? Jibu likiwa ndiyo, cheti kina thamani chini ya ofisi yoyote. Likiwa hapana, hata jengo jipya halitakiokoa. Ujasiri huo ni ujuzi wa kazi sawa na kunusa, na vyuo vinavyofundisha sayansi ya chakula, Makerere ikiwemo, vina wajibu wa kuuzungumzia darasani waziwazi.

Ujuzi unaosahaulika zaidi ni wa kuandika. Ripoti isemayo "alama 77, haifai" imemaliza kazi ya mlinzi wa lango. Ripoti isemayo kwamba vikombe viwili kati ya vitano vilikuwa na uchachu wa kuoza, kwamba unyevu ulikuwa asilimia 14.2, kwamba punje zilizochacha zilikuwa 31, na kwamba hali hiyo huelekeza kwenye matunda yaliyokaa guniani siku mbili kabla ya kuanikwa, imempa mtu la kufanya. Na lazima iweze kusemwa kwa Kiganda Masaka, kwa Kigisu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kwa Kikonzo Kasese, kwa Kiswahili kwa dereva anayeulizwa kwa nini alifunika mzigo kwa turubai lililotoboka.

Ripoti nyingi kama hizo huishia kwa msafirishaji. Mkulima aliyeuza kiboko langoni kwake hulipwa bei moja na jirani yake aliyeparuza, kwa kuwa dalali hana kipimo wala muda. Penye vyama vyenye nguvu hali ni tofauti: arabika ya Bugisu, ambako chama kikuu cha ushirika kipo tangu 1954, na vikundi vya Kasese vilivyojenga vituo vyao vya kuosha kahawa, vimekwisha kuonyesha kwamba wakulima wanaolipwa kwa ubora huchagua matunda mekundu. Robusta ya nyanda za kati inahitaji vivyo hivyo. Gharama ya kuanzia ni ya kawaida: kipima unyevu kimoja kwa kikundi, turubai au meza za kuanikia, mizani ndogo, na kijana mmoja aliyefundishwa kuhesabu kasoro katika gramu 350. Kikundi kikiwa na vitu hivyo, mabishano ya bei hufanyika penye mzani, mbele ya mkulima na mnunuzi, kabla gunia halijashonwa.